Halijaguswa Tangu Litoke Kiwandani

Kijiwe chetu kina kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi dogo, benchi la mbao, na jiko la mkaa la Shangazi lenye birika lisilopumzika. Vyote vimeegemezwa kwenye ukuta wa gereji ya mjomba wangu, ambaye ni fundi bodi, kwa hiyo mazungumzo pale huenda kwa kupanda na kushuka. Nyundo ikianza kulia ndani, watu wanapaza sauti; nyundo ikinyamaza ghafla, mtu anakutwa akiutangazia mtaa mzima habari za figo zake. Wenyeji ni watatu. Shangazi si shangazi wa yeyote kati yetu, alipewa cheo hicho kwa sababu anakaripia kila mtu bila kubagua. Karani alibeba mafaili ya mahakama kwa miaka thelathini, akastaafu akiamini kwamba mafaili yale yalikuwa yanambeba yeye. Breki ni dereva wa teksi, na aliitwa hivyo kutokana na kitu asichokitumia. Mimi nikipita wananiita Mheshimiwa, kwa sababu ya midahalo yangu ya chuoni, na wanavyolitamka jina hilo heshima haimo.

Ijumaa ile nilifika mkono mmoja nimeshika hotpoti ya chakula cha mjomba, mkono wa pili nimeshika kijitabu cha dalali wa mnada. Nilikuwa nimekichapisha maktabani kutoka mtandaoni, na njia nzima nikawa nakikunja na kukikunjua hadi kikalegea kama leso. Sikusalimia. Nilisimama mbele ya jiko nikawasomea ukurasa wa sita.

— "Gari la michezo la Kiingereza, viti viwili, lisilo na paa, rangi ya kijani. Halijaguswa na nyundo ya fundi tangu litoke kiwandani. Limetunzwa na mmiliki mmoja kwa mapenzi makubwa."

Nyuma ya ukuta, nyundo ya mjomba ilikuwa inaendelea kulia.

Sasa, kwa asiyelifahamu gari hilo. Lilikuja gerejini miaka mitatu na ushee iliyopita, mgongoni mwa lori, limefungwa kamba kama mgonjwa anayekataa sindano. Kwenye kiti cha abiria alikuwa amelala kuku, chini yake mayai manne. Mmiliki wake, Daktari wa Meno, alilirithi kutoka kwa marehemu baba yake, aliyekuwa ameliegesha bandani na kulisahau. Ukikaa kwenye usukani ulikuwa unaona ardhi katikati ya miguu yako. Mlango ukiugonga, ulikujibu kwa unga wa kutu. Mapenzi makubwa ya mmiliki yalikuwa kupita kila Alhamisi, kunywa kahawa mbili, na kuuliza kama bado.

Mjomba ndiye aliyelifufua. Alikata vielelezo kwa karatasi za mifuko ya saruji, akavihamishia kwenye bati tupu, halafu kila jioni, baada ya kumaliza bampa za watu, akawa anafinyanga lile bati kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga na kipande cha reli. Milango yote miwili, boneti, madigadi manne ya kufunika matairi, sakafu nzima, vyote vilitoka mikononi mwake. Gari lililoondoka pale lilikuwa limebakiza vya kiwandani injini, usukani na jeuri.

Huo ungekuwa upuuzi wa kawaida tu ambao fundi huunawa kila siku na kwenda zake, kama si chuo cha ufundi. Chuo kinatafuta mwalimu wa kunyoosha bodi. Mjomba hana cheti hata kimoja. Alijifunza kwa kupigwa kofi na fundi aliyemtangulia. Lakini chuo kinasema asiye na cheti anaweza kupokelewa iwapo ataonyesha kazi moja aliyoifanya mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na mkaguzi akaithibitisha kwa macho yake. Mwisho ni Jumatatu. Mjomba ana miaka hamsini na sita. Goti la kushoto limegoma, na sikio la kulia linasikia kengele ambayo hakuna aliyeipiga. Shati alilolipiga pasi kwa ajili ya usaili lina wiki mbili limening'inia ofisini ndani ya mfuko wa nailoni, na mtu akipita karibu nalo ameshika kikombe anatazamwa kama mwizi.

Fomu niliijaza mimi. Kwenye nafasi ya kazi aliyoifanya, niliandika gari lile la kijani, maelezo ya nusu ukurasa, kwa lugha iliyonyooka. Mjomba aliweka sahihi bila miwani, kwa sababu ananiamini.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: fomu ya mjomba inasema gari lote amelijenga yeye, na kijitabu cha dalali, ambacho nakala yake halisi ina picha za rangi na karatasi ya kung'aa, kinasema hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Mmoja kati yao ni mwongo, na niambie mkaguzi atamwamini nani, mwenye karatasi ya kung'aa au mwenye goti bovu.

Nilikuwa na dawa. Nilikuwa nimeandika barua kwa dalali, kurasa mbili, hoja kuu tatu na hitimisho, inayomtaka arekebishe maelezo yake kabla gari halijanadiwa kesho saa nne. Ilikuwa inasubiri sahihi ya mjomba tu. Ofisi ya dalali inafungwa saa kumi na moja, na saa zilikuwa nane na nusu. Kijiwe, bila shaka, kiliona muda upo wa kutosha.

Karani alivaa miwani, akakisoma kijitabu kuanzia jina la mchapishaji, akatoa hukumu. Kisheria, alisema, kitu kikishakuwa cha kale kinahesabiwa kama marehemu, na marehemu haguswi. Ukisema fundi aliligusa gari lile, umemshtaki kwa kuchezea maiti. Daktari wa Meno, kwa hiyo, hakumdharau mjomba. Alimsitiri asiende jela.

— Sheria ya wapi hiyo, mzee? nikamwuliza.

— Ya mahakamani, akasema.

Breki alimhurumia Karani kwa elimu yake ndogo. Kwa maoni yake kinachouzwa pale ni kutu. Matajiri wamechoka na vitu vizima, alieleza, maana kizima siku hizi hata yeye anacho. Juzi alimbeba kijana aliyevaa suruali iliyochanika magoti yote mawili, akamwonea huruma akampunguzia nauli, kumbe ile suruali imenunuliwa ikiwa imechanika, na bei yake ingeivalisha familia. Sasa mnunuzi wa namna hiyo akisikia mjomba amelishona gari, si atadai arudishiwe matobo yake? Nilipomkumbusha kwamba gari kwenye picha linang'aa kama sahani, akasema kung'aa ni kwa nje, kutu lazima iwe ya moyoni.

Shangazi alimwaga kahawa kwenye vikombe kwa hasira ya mtu anayesikiliza wajinga. Swali si fundi, alisema. Swali ni viti viwili. Mtu mwenye akili timamu na pesa zake ananunuaje gari la viti viwili? Akajijibu mwenyewe: ili asiombwe lifti. Ndugu anapiga simu kwamba nyanya amelazwa, mpitie shangazi na watoto. Unasema kwa masikitiko, jamani, gari lenyewe mnalijua. Na paa wameliondoa makusudi, ili hata yule ndugu mwenye tabia ya kujibana nyuma aogope mvua.

— Waingereza walilifanyia utafiti hilo, akasema. Ni gari la kukimbia ukoo.

Hoja ile ilimgusa Breki, ambaye ana shemeji wengi. Karani, kuona ameanza kupitwa, alirudi na kubwa zaidi. Tatizo ni uraia. Gari lile lilizaliwa Uingereza. Mjomba alipolibadilishia milango na sakafu alilibadilisha uraia bila idhini, na sasa zaidi ya nusu ya mwili wake ni mwenyeji wa hapa. Mnunuzi anataka Mwingereza halisi. Akiambiwa amenunua chotara aliyezaliwa upya nyuma ya kijiwe cha kahawa, kesi itafika kwenye ubalozi. Aliyasema haya akiwa ametulia kabisa, huku anapuliza kahawa yake.

Niliwaacha wakigombea pasipoti ya gari, nikaingia ndani na hotpoti na barua.

Mjomba alikuwa amelala ubavu chini ya mlango wa lori, akigonga kidogo kidogo na kupapasa kwa kiganja. Nilimwambia kila kitu, kijitabu, mkaguzi, Jumatatu. Nilipofika kwenye fomu, nyundo ilisimama. Alijitoa pale chini taratibu, goti likilalamika, akakaa juu ya tairi.

— Uliandika gari la mtu?

Nikasema niliandika kazi yake, iliyo bora kuliko zote, na kwamba ni haki yake. Nikaanza hoja ya kwanza. Mjomba alisubiri hadi nikavuta pumzi.

— Gari la mteja halisemwi, mwanangu.

Akanieleza kwa upole ulionikera kuliko ukali. Mtu akimletea gari lililobonyea, hamwulizi lilibonyea wapi, na likishanyooka hamwambii yeyote kwamba liliwahi kubonyea. Hata fundi aliyemfundisha alikuwa hivyo. Na kweli, kuna ndoa tatu mtaani kwetu zinazosimama hadi leo kwa sababu mjomba hakuwahi kusema bampa la fulani alilipokea saa ngapi na likitokea upande gani. Zaidi ya hayo, siku ya kulichukua gari lake, Daktari wa Meno alimwomba akiulizwa aseme alilisafisha tu. Mjomba akasema sawa. Mjomba humwambia kila mtu sawa, ndiyo maana ana wateja wengi na goti moja.

— Na chuo je? nikamwuliza. Na mkaguzi akija kukuuliza ana kwa ana?

Alilitazama lile shati kwenye mfuko wa nailoni, kisha akanishika bega, akarudi chini ya mlango wa lori. Barua hakuigusa.

Nilitoka nje nikiwa nimevimba. Kijiwe kilinipokea kwa maswali, na nilipowapa jibu la mjomba, Karani alisema amejua tangu mwanzo, Breki akasema mjomba ni malaika ila malaika hawalipiwi kodi ya nyumba, na Shangazi akanipa kahawa bila kuniuliza kama nataka. Hapo nikapata wazo jingine. Kama mjomba hasemi, vitu vitasema. Milango ya zamani, ile iliyooza, ndiyo ushahidi. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya tangi la maji tangu mwaka wa kwanza. Nikiiweka pale mezani kwa mkaguzi, pamoja na ile sakafu yenye matobo, hakuna karatasi ya kung'aa itakayofua dafu. Mjomba hatakuwa amesema neno.

Niliwauliza kama bado ipo nyuma ya tangi.

 Breki alianza kufunga kamba ya kiatu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala. Shangazi alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Ile milango, Breki akasema hatimaye, tuliona inaleta mbu.

Ukweli ulitoka vipande vipande, kila mmoja akitoa kipande cha mwenzake. Wakati wa mvua, Shangazi alikosa mkaa na birika likatoboka. Kijiwe kilikuwa hatarini kufa. Muuza chuma chakavu alipita na mkokoteni wake na mizani, na wazee wangu hawa wawili, Karani na Breki, wakamwonyesha nyuma ya tangi. Walipima milango, boneti, madigadi na sakafu, wakanunua birika jipya na gunia la mkaa, na kwa wiki mbili wakanywa kahawa bure wakisifu moyo wa kujitolea.

— Mjomba alikubali? nikauliza.

Shangazi akasema walimwomba, naye akasema sawa.

Nilihesabu hadi kumi kama tunavyofundishwa kabla ya kusimama kwenye mdahalo. Haikusaidia. Niliwaambia kwamba wameuchemsha ushahidi wa maisha ya mtu wakaunywa na sukari, kwamba kumbukumbu ya miaka mitatu ya kazi imepita kooni mwao, na kwamba mahakamani, kama Karani angewahi kusikiliza hata kesi moja badala ya kubeba faili lake, hilo lina jina. Nilisema mengi. Nilikuwa nimefikia kwenye dhamiri, Breki akaniuliza kwa unyenyekevu kama mimi, msomi, mwenye simu ya kamera mbili, sikupiga picha hata moja katika ile miaka mitatu.

Nilitoa simu kwa kishindo. Picha zilikuwepo, kumi na nne. Niliwaonyesha ya kwanza, nikaona afadhali nizitazame mwenyewe kwanza. Mimi nimeegemea boneti. Mimi kwenye usukani na miwani ya jua. Mimi na rafiki yangu tumesimama mbele ya mlango, na mlango hauonekani. Katika moja, kwa mbali, nyuma ya bega langu, kuna mkono wa mtu umeshika msasa, umekatwa kwenye kiwiko.

— Huo ni mkono wa mjomba, Shangazi akasema kunifariji.



Basi ndipo kijiwe kikaamua kunisaidia kwa dhati, na kijiwe kikifikia hapo, mtu mwenye busara huondoka. Karani alipendekeza tuandike hati ya kiapo ya yule kuku. Breki alikuwa na mpango kamili: kesho twende mnadani sote wanne, bei ikifika juu kabisa yeye anyooshe mkono, gari limwangukie, kisha aseme hana hela. Mnada utavurugika, dalali atafoka, polisi wataitwa, na katika kuandika maelezo polisi wataandika kila kitu, pamoja na nani alilinyoosha gari. Shangazi aliona kuna njia fupi: apelekwe Daktari wa Meno kwenye kiti chake mwenyewe, mdomo wazi, halafu aulizwe. Karani alikuwa anatafuta kifungu kinachoruhusu jambo hilo, na saa zilikuwa zimefika kumi, mama mmoja akasimama mbele yetu.

Alikuwa wa makamo, amevaa suruali na viatu vya kamba, mkoba begani. Magoti yote mawili ya suruali yalikuwa na vumbi, na kiwiko kimoja kina grisi. Alitusalimia vizuri, akamwamkia Karani, kisha akauliza kama hapa ndipo kwa fundi aliyelitengeneza lile gari la kijani litakalonadiwa kesho.

Nitawaeleza kilichotokea kama kilivyotokea. Watu waliokuwa wamebishana kwa saa nzima na nusu juu ya gari moja walimtazama mama wa watu kama amewauliza habari za mwezini. Karani akasema kijani ni rangi pana. Breki akasema yeye ni mgeni hapa. Shangazi, ambaye hajawahi kusingizia ugonjwa wowote, akaanza kukohoa. Nilipogundua wanamlinda mjomba, kila mmoja kwa uongo wake, hasira yangu ilikosa pa kukaa.

Nikamwambia fundi yuko ndani.

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Mjomba alikuwa tayari amesimama mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono. Yule mama akajitambulisha. Ni mkaguzi wa chuo cha ufundi, karakana ya bodi. Aliisoma fomu, akakisoma na kijitabu cha dalali, na kwa sababu gari likishauzwa kesho halitaonekana tena, aliamua kwenda kuliona leo. Alifungua mkoba akatoa sumaku ndogo, kioo chenye mpini mrefu na tochi, akaviweka juu ya benchi kimoja kimoja.

— Nimekuwa pale tangu saa tatu asubuhi, akasema. Sumaku imenata kila mahali, hakuna puti ya kuzibia mabonyeo hata ya ukucha. Nimelala chini nikapapasa sakafu yote kwa kidole. Nimetafuta mshono wa kulehemu kwa gesi, nimetafuta alama ya nyundo, nimetafuta mkwaruzo wa msasa. Kijitabu kinasema hakuna. Fomu inasema kila mahali. Sasa nyinyi mnaomjua, nionyesheni ni wapi ameligusa.

Ningeweza kumwambia juu ya karatasi za saruji. Ningeweza kumwambia juu ya kile kipande cha reli, ambacho kilikuwa hatua kumi kutoka aliposimama. Lakini hayo yote yangekuwa maneno yangu dhidi ya macho yake, na macho yake yalikuwa yametafuta kwa saa saba. Nilifungua mdomo. Kwenye mdahalo mtu hupewa dakika nne, na mimi sijawahi kuzirudisha. Safari hii nilizirudisha zote.  

Mkaguzi akamgeukia mjomba.

— Fundi, ni wewe?

Nilimwona mjomba anataka kusema sawa. Nilimwona pia hatasema ndiyo, maana alikuwa ameahidi, na hatasema hapana, maana si mwongo. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka begani.

— Mimi gari la mteja silisemi, mama. Ila nikwambie jambo moja la kazi. Kama kuna fundi alipita pale, na wewe ukapaona alipopita, huyo usimchukue.

Mkaguzi hakutabasamu.  Aliinama akaokota sumaku, akaigeuzageuza kwenye kiganja, akairudisha mkobani pamoja na kioo na tochi. Halafu akatoa fomu, ile ile, yenye mwandiko wangu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha mkaguzi, bado cheupe. Alikielekeza kwetu ili tukione.

— Hapa wanataka niandike alama za kazi ya mwombaji nilizoziona kwa macho yangu, akasema. Niandike nini?

Tulikuwa watu wanne pale wenye majibu ya kila kitu: sheria, kutu, ukoo, uraia, haki. Karani amebeba mafaili ya watu miaka thelathini. Mimi nina vikombe viwili vya ushindi nyumbani. 

 Mkaguzi alipoona hatuna jibu, aliketi kwenye kile kiti cha basi, akaipakata fomu juu ya mkoba, akafungua kalamu.

— Jina lako kamili, fundi.

Mjomba akayataja yote matatu, lake, la baba na la babu, majina ambayo kijiweni hakuna aliyewahi kuyatumia. Mkaguzi akamwomba arudie taratibu. Akayaandika ndani ya kile kisanduku cha alama alizoziona, herufi kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka hapakubaki nafasi ya kuandika kitu kingine.